Spika ya Kushoto

Muuzaji alimgeukia mdogo wangu. "Huyu anataka redio gani?" Kana kwamba macho yangu yalipoondoka yaliondoka na ulimi.

"Niulize mimi," nikamwambia.

Akaniletea redio ya kioo cha kugusa, akazisifia taa zake. Taa! Nikapapasa rafu mpaka nikapata yenye vitufe na spika mbili. Akaiwasha. Besi haikuwepo, na sauti ya mwimbaji ilitawanyika chumba kizima.

"Spika ya kushoto umeiunga waya kinyume."

Akacheka. Nikaizima, nikapeleka mkono nyuma, nikazibadilisha waya mwenyewe. Nilipoiwasha, besi ikanguruma, mwimbaji akasimama katikati yetu.

Muuzaji akakohoa. "Mama, samahani. Zile nyingine sita pia nimeziunga mimi. Hebu nisikilizie."