Suti ya Mjomba Sébastien

Kwao Yvette, posa haipelekwi kwa simu. Neno hilo Mjomba Sébastien alilitamka kwa simu, wala hakuona kichekesho ndani yake. Yvette alikuwa amesimama kwenye duka la simu katikati ya Durban, vidole bado vina mafuta ya nywele za wateja, akimsikia mjomba wake akinguruma kutoka milima ya Lesotho, alikokuwa daktari wa hospitali ya misheni.

"Écoute, Yvette. Huyo kijana anataka mtoto ya dada yangu? Bon. Apande, aje huku, nimuone uso. Mwisho wa mwezi niko naenda Ubelgiji. Akichelewa, mimi sina neno tena."

Ilikuwa Julai, mwaka tisini na nane, na milima ilikuwa imefunikwa theluji. Wasichana wenzake wa saluni walimwambia Yvette aolewe tu, mjomba atazoea. Hakukubali. Baba na mama yake walizikwa Bukavu mbiombio, bila nyimbo, bila hata ubao wa jeneza ulio sawa. Katika maisha yake alitaka jambo moja lifanywe sawasawa, na mtu wa damu yake aseme ndiyo. Upande huu wa Afrika, mtu huyo alikuwa mmoja tu.

Mchumba wake aliitwa Blaise. Alikuwa mpakiaji wa mizigo kwenye ghala moja huko Clairwood, mabega mapana, roho nyeupe, na ugonjwa mmoja usio na dawa: mavazi. Blaise angelala njaa wiki nzima lakini Jumapili kanisani viatu vyake vingeng'aa hadi padri apoteze mstari. Waliandaa mahari wakiwa pamoja: vitenge vya mke wa mjomba, dame-jeanne, yaani chupa kubwa, ya divai, na juu ya yote suti ya mjomba, ya sufu nzito, nyeusi yenye mistari, ndani ya mfuko wake wa nailoni.

Suti hiyo si nguo tu. Katika ukoo wa Yvette, mwanamume mwingine haivai hata kwa kuijaribu. Anayevaa suti ya mjomba amejifanya mjomba, na mjomba haoi mtoto wa dada yake. Blaise alilijua hilo, ndiyo maana njia nzima aliikumbatia kama mtoto mchanga.

Gari la kuwapandisha mlimani lilikuwa la Nabeel, kijana mzaliwa wa Durban aliyerithi Kiswahili kwa bibi yake na ambaye kazi yake ilikuwa kupandisha watalii mlimani kuona theluji. Alipomwona Blaise kwenye mlango wa Land Rover, alimtazama kuanzia chini.

"Eish, my bro. Hivyo viatu vya harusi. Mimi nina mabuti ya ziada hapa."

"Mabuti ya kazi? Nifike kwa beau-père, kwa mkwe, na mabuti ya kazi?" Blaise alicheka. "Mais angalia, jua iko inawaka!"

Ni kweli jua lilikuwa linawaka. Mtu wa pwani akiona jua anadhani ameona joto, na baridi ya Durban yenyewe ni ya kuvaa sweta asubuhi na kulifunga kiunoni kabla ya chakula cha mchana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nasi tutafika huko kwenye guu. Yvette alikubali mabuti aliyopewa, akayafunga kamba mara mbili, akapanda.

Barabara ya Sani inapanda kwa kujikunja, mawe upande huu, shimo upande ule. Watalii waliokuwemo garini walipiga picha, Yvette alisali. Kule juu mpakani, askari hakutaka kutoa mikono mfukoni. Nabeel alimweleza habari ya mahari, naye akawaruhusu kwa kidevu.

Hapo gari likakoma. Njia ya kushuka kwenye bonde la mjomba ilikuwa imezibwa na theluji. Nabeel, ambaye hakuweza kuwaacha watalii wake, aliwaambia wasubiri siku mbili tatu.

"Ikianguka nyingine je?" Yvette aliuliza.

"Basi wiki. Labda mbili."

"Wiki mbili mjomba atakuwa Ulaya. Tafuta farasi."

Blaise alimtazama, akaitazama theluji, akameza mate. "Umesikia madamu," alimwambia Nabeel. "Tafuta farasi."

Nabeel aliwapatia Msotho mmoja mchunga kondoo, mtu wa makamo aliyejifunika blanketi hadi puani, mwenye farasi wadogo wasioogopa kitu. Lugha ya pamoja hawakuwa nayo. Waliongea kwa mikono. Alionyesha bonde, akaonyesha jua, akafanya ishara ya haraka.

Waliteremka mchana wote uliobaki. Theluji ilifika magoti ya farasi, upepo ukawakata masikio, na weupe ule haukuwa na mwisho. Yvette aliogopa, nisimsifu bure. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na kila woga ulipomjia alipiga farasi wake teke dogo la kwenda mbele.

Chini kabisa, mapaa ya hospitali yakionekana tayari, palikuwa na kijito kilichoganda. Mchunga kondoo alivuka juu ya farasi. Yvette akavuka. Blaise alihofia farasi asije akateleza akavunja dame-jeanne, basi akashuka avuke kwa miguu, akiwa amebeba chupa kwa mkono mmoja na suti juu ya kichwa kwa mkono wa pili. Viatu vile vya harusi vilikuwa na soli laini kama sabuni. Aliteleza, akarushwa hewani. Barafu ilivunjika, akazama hadi kifuani, na mikono yote miwili ikabaki juu na vitu vyake vikavu. Mpumbavu yule hakuachia hata kimoja!

Walimvuta. Nguo zilianza kukakamaa kwa barafu mwilini mwake papo hapo, zikikwaruzana kama makaratasi. Mchunga kondoo alisema maneno mengi kwa Kisotho, akashika koti la Blaise, akalivuta: vua. Kisha akafumba macho na kulaza shavu juu ya kiganja. Yvette alielewa. Asipovua, atalala asiamke.

Alimvua. Koti lake mwenyewe alimfunga miguuni, maana mabegani halikuingia. Mchunga kondoo akatoa blanketi lake, lakini lilikuwa limeloa lilipotumika kumvuta Blaise majini. Vitenge havizuii baridi ya namna ile, na nguo kavu ya mwanamume ilikuwa moja tu pale bondeni.

"Vaa," Yvette alisema.

Blaise alitikisa kichwa. Meno yalikuwa yanagongana. "Ya mjomba hiyo. Nikivaa... nitakukosa."

"Ukifa utanikosa zaidi. Vaa!"

"Yvette, tafadhali..."

Hakumaliza. Yvette aliuchana mfuko kwa meno, akamwingiza mkono mmoja kwenye mkono wa suti, kisha wa pili, akafunga vifungo huku akilia kwa hasira. Mjomba ni mfupi na mnene. Blaise ni mrefu. Suruali iliishia katikati ya miundi. Yvette alijua alichokuwa anakiharibu, wala hakusita.

Waliingia ua wa daktari jua likigusa mlima. Mjomba Sébastien alitoka na kofia ya sufu masikioni, mke wake Mama Marie-Jeanne nyuma yake. Macho yake yalipita juu ya uso wa Yvette, yakatua kwenye suti, yakabaki hapo.

 Aliwaingiza ndani, akamkalisha Blaise karibu na jiko, akapiga magoti na kushika vidole vyake vya miguu kimoja kimoja. Mguu mmoja ulikuwa umevimba kwenye kifundo. Alipomaliza kuufunga, ndipo akauliza, bila kuinua kichwa:

"Nani alimpa huyu mtu suti yangu?"

"Nilivaa mwenyewe, mjomba," Blaise alisema upesi. "Yvette alinikataza. Yeye hana kosa."

"Mwongo!" Yvette aliruka. "Mjomba, usimsikilize. Alikataa hadi mdomo ukawa bluu. Ni mimi nilimvika kwa nguvu. Kama iko mtu wa kufukuza, nifukuze mimi."

"Mjomba, huyu ana baridi kichwani, hajui anachosema. Nilivaa mwenyewe."

"Blaise, nyamaza!"

"Wewe nyamaza! Ni mambo ya wanaume!"

Mjomba aliketi sakafuni akiwatazama wakifokeana juu ya kichwa chake. Mama Marie-Jeanne alianza kucheka, akajiziba kwa kanga.

"Miaka yote hii," mjomba alisema taratibu, "nimekaa kupatanisha mabwana na wake zao. Kila mmoja ananionyesha kosa ya mwenzake. Leo ndiyo mara ya kwanza naona watu wanagombania kosa."

 Aliinuka akishikilia magoti.

"Suti siwezi kupokea. Mila si yangu peke yangu, na wewe si mjomba wa mtu hapa. Utaivaa siku ya harusi, Mama Marie-Jeanne atakushonea miguu ya suruali. Mimi nitavaa ile yangu ya zamani." Aligeukia vitu vingine, vitenge na dame-jeanne ambayo haikupata hata ufa, akasimama wima kama anavyosimama mzee wa ukoo mbele ya watu, ingawa pale palikuwa na watu watano tu na mmoja wao, mchunga kondoo, hakuelewa neno. Swali lenyewe huulizwa binti, tena mara tatu, kwa sababu familia ikishakula mahari yake hakuna kurudi nyuma.

"Yvette, mtoto ya dada yangu. Vitu hivi tule?"

"Kuleni, mjomba."

"Tule?"

"Kuleni."

Mara ya tatu sauti ya mjomba ilipasuka, akamwita kwa jina la dada yake badala ya jina lake. Hakuna aliyemsahihisha. Yvette, ambaye alikuwa ameshuka bonde lile lote bila kuomba huruma ya mtu, alifuta macho. Akashika mkono wa Blaise, akaitikia kwa kichwa.