Uso Uliogeuzwa

Mtawala wa kwenye mchoro alikuwa amelala kifudifudi juu ya ubao wa mti wa mcheri wa kuchongea chapa, gundi bado mbichi, na Tokubei akimsugua mgongo kwa kidole, akibandua karatasi tabaka kwa tabaka hadi wino uonekane kwa nyuma. Ghafla kidole kikasimama.

"Shunrei, mshenzi wewe," akasema. "Huyu si mimi?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Sisi tulijua tangu mchoro wa Shunrei ulipoletwa: mtawala wa kale, usiku wa kuamkia kushindwa kwake vitani, kapachikwa pua pana na kidevu cha fundi wetu mkuu. Tokubei mwenyewe aliukagua, akausifu, akaupeleka kwa mkaguzi ukagongwe muhuri. Lakini uso wake alizoea kuuona kwenye kioo tu, kulia kukiwa kushoto. Ilibidi karatasi igeuzwe ndipo ajikute.

"Mtukufu," nikasema, nikisujudu, "turudishe vitani basi, tushindwe tena."

"Funga bakuli lako, chonga nguo."

Kuchonga nguo za kwenye picha ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Vichwa vilikuwa vyake.

Shunrei tulikuwa tumemzika majuzi, kwa hiyo hapakuwa na wa kugombana naye. Tokubei akanyakua kisu. Pua ataipunguza, alisema. Nani atajua? Kisu kikishapita, mchoro unakwenda na vumbi.

Ila pua hakuigusa. Aliyakodolea macho ya mtawala. Shunrei aliyachora yamefinywa, kama ya mtu anayehangaika kusoma bango la mbali, na katika kufinywa huko mlikuwa na hofu. Sisi tuliozama kwenye pua hatukuiona. Tokubei akauinua ubao karibu na uso, akaushusha, akausogeza dirishani. Hapo nikaona macho manne, ya mtawala na yake, yamefinywa namna moja.

Mchonga vichwa akipungukiwa na nguvu ya macho hurudishwa kuchonga mawingu na miti, chini ya vijana aliowafunza mwenyewe.

"Shunrei aliona lini?" akauliza. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

Akaichonga pua kama ilivyo. Akayachonga macho, kila kunjo mahali pake, polepole. Zikabaki nywele za kipajini, nyembamba kuliko uzi wa buibui, kazi ambayo hakuwahi kumwachia mtu.

Akakifuta kisu, akanigeuzia mpini.

"Mimi, kaka? Nitaharibu."

"Kaa hapa penye mwanga," akasema, akinipisha kwenye mto wake wa kukalia. "Anzia sikioni. Na usiupumulie ubao."