Ukoo wa Betri za Bluu

Kabla sijawa mtu wa bluu nilikuwa mtu wa kila rangi. Nilikuwa na drili nyekundu, msumeno wa njano, randa ya kampuni nisiyoijua hata jina, na chaja nne zilizofanana kama mapacha waliogombana. Siku moja nikajikuta juu ya paa la mteja na drili ya kampuni hii na betri ya kampuni ile. Nikashuka, nikapanda, nikashuka tena, mpaka mteja akanishauri nibaki chini na kunionyesha geti lilipo. Nikaapa: kampuni moja, betri moja, chaja moja, mpaka kaburini.

Nikachagua bluu, na sikuchagua kimya. Nilihubiria ua mzima tunamoishi na wakwe zangu. Mke wangu akanunua mashine ya bluu ya kufyonza vumbi, mama mkwe mashine ya kukata nyasi, na baba mkwe redio, maana kampuni ile inatengeneza hadi redio na betri ni zilezile. Kwa furaha hiyo nikawagawia watu keekee yangu ya kutobolea kwa mkono na randa ya mkono, vifaa visivyojua betri. Aliyekataa kuongoka ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, seremala mwenzangu, ambaye mkoba wake mpaka leo una rangi kama meza ya mitumba.

Jumamosi ile tulikuwa na mlango wa Mwalimu. Huyu ni mama mstaafu aliyenifundisha kusoma, kwa taabu yake. Nyumba yake ameijenga miaka kumi na tisa, chumba kwa chumba, huku akihama nyumba za watu. Siku hiyo ndiyo alikuwa anahamia. Umeme haujaunganishwa, lakini hilo halikumsumbua. Alichotaka ni mlango wa mbele wenye kitasa, maana chumba cha kupanga alisharudisha funguo na kwenye nyumba iliyo wazi hawezi kulala. Nikamwahidi.

Tulipouinua, mlango ukagoma kuingia kwenye fremu. Mbao zilikuwa zimevimba kwa mvua. Nikatoa randa ya bluu. Hapa nisifiche kitu: bluu wanajua drili, wanajua msumeno, ila randa waliitengeneza wakiwa na haraka ya kwenda nyumbani. Iliulamba mlango tu. Shemeji alikaa juu ya ndoo akinitazama kama mtoto anayejifunza kufunga kamba za viatu, kisha akauliza kama nataka tuubembeleze mlango, labda utaona haya. Alipochoka kucheka akatoa randa yake ya kijani. Maranda yakaruka, na mlango ukaingia kama mkono mfukoni. Papo hapo betri yake ya kijani, ya pekee, ikazima. Drili yake nayo ilikuwa pambo tangu chaja yake ife na duka likose nyingine.

Nikamwambia kwa upole wa mshindi, "Pumzika, shemeji. Sasa wanaingia wakubwa."

Nikachomeka betri ya kwanza kwenye drili. Kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu ikazunguka nusu, ikakata roho. Hapo ndipo nikaelewa kosa langu. Ukishafanya ua mzima uwe wa bluu, kila mtu anapita kwenye rafu ya chaja, anachukua betri iliyojaa, anaacha iliyochoka. Mimi asubuhi nilizoa zilizobaki bila kuzitazama.

Lori likafika. Mwalimu akashuka na kiti chake, akakiweka sebuleni na kukaa akitazama pengo la mlango. Mwalimu akinyamaza, mimi bado nahisi nimesahau daftari nyumbani.

Nikampigia mke wangu. Nilianza kwa kulalamika nikamalizia kwa kuomba, na shemeji alisikia vyote viwili.

Hawakukawia. Mke wangu alikuja na betri moja ndani ya mkoba. Mama mkwe alikuja na mashine nzima ya nyasi begani, maana hajawahi kujua betri inachomokaje. Nyuma yao baba mkwe, redio mkononi inatangaza mechi, uso wa mtu aliyeombwa figo.

Betri ya mke wangu ilifunga bawaba zote, ikaisha. Ya mama mkwe ilianza tundu la kitasa. Katikati ya ubao drili ikanguruma, ikapunguza, ikasimama. Sote tukamgeukia baba mkwe. Redioni mtangazaji alikuwa anasema mpira umewekwa, ni penalti.

Baba mkwe alimtazama Mwalimu pale kwenye kiti. Akaizima redio mwenyewe.

"Chukua," akasema, "kabla sijabadilisha mawazo."

Tundu likatoboka, kitasa kikakaa. Shemeji akakipapasa, akanikubalia kwamba bluu ni nzuri, ila inataka mtu awe na ukoo.

"Na rangi zako zote zile?"

"Zinataka mtu awe na shemeji."

Nikamnong'oneza kwamba randa nitanunua ya kijani, na asimwambie mtu. Kufikia wakati napangusa vumbi, dada yake alishajua na mama mkwe alishacheka.

Mwalimu akapokea ufunguo kwa mikono miwili, akatuomba tutoke nje sote ajaribu. Mlango ukafungwa bila kukwaruza. Ufunguo ukazunguka mara moja, mara mbili. Tukangoja afungue. Hakufungua. Tukasikia kiti kikivutwa sakafuni.

Mama mkwe akatega sikio kwenye ubao. "Amekaa," akasema taratibu.

Vifaa vyetu vyote vilikuwa ndani, na redio pia. Nikainua mkono kubisha, mke wangu akaushusha. Tukajipanga kwenye ngazi za mlangoni, sisi wa bluu na shemeji wa rangi zote, tukamwacha Mwalimu aushibe mlango wake.