Mshono wa Chini ya Viti

Nilidhani kamba imelegea, kwa hiyo nikapima tena.

Nilikuwa nimelala chini ya gari la Afande Margret katika gereji ya Mzee Swaib, mjini Jinja, nyuma ya maduka ya zamani ya Wahindi. Nilikuwa nimening'iniza timazi kwenye pembe nne za gari, nikatia alama za chaki sakafuni, kisha nikavuta kamba kutoka pembe hadi pembe, msalaba. Gari lililonyooka hutoa kamba mbili za urefu mmoja. Hizi zangu zilipishana kwa upana wa vidole vitatu. Nikafuta alama, nikaanza upya. Vidole vitatu vilevile.

Lilikuwa gari zuri. Gari la michezo la Kijapani, la zamani kunipita umri, lenye milango miwili na taa zinazojificha mchana na kuinuka usiku kama mtu aliyeamshwa. Afande Margret, ofisa wa magereza wa Mbale, alikuwa amelileta tuliwekee injini yenye nguvu zaidi. Jumamosi kulikuwa na mashindano ya kupanda mlima wa Wanale, na yeye, mama wa makamo mwenye sauti ya gwaride, alikuwa ameapa kwamba mwaka huu vijana wataona vumbi lake tu.

Injini ilikuwa imeshakaa. Mimi nilipewa breki, rejeta na mipira ya kushikia injini, kazi yangu ya kwanza ya maana tangu nihitimu uhandisi, nami niliifanya kama mtu anayemvika mtoto wake nguo za sikukuu. Kila usiku nilikuwa nawaza jambo moja: ukiongeza nguvu mbele, lazima ujue inapita wapi. Breki za zamani zilitosha injini ya zamani. Springi zilezile, fimbo ileile ya kupeleka nguvu nyuma. Na gari la namna hii halina chasi ya peke yake, bodi ndiyo chasi. Sakafu, paa na mbavu za chini ya milango vinabebana. Kimoja kikidanganya, vyote vinadanganya.

"Sakafu iache," Mzee Swaib alikuwa ameniambia siku ya kwanza. "Sakafu ni nzima."

Nami ningeiacha, kama si tairi za nyuma zilizolika upande mmoja. Ndiyo maana nilipima.

Ilikuwa Ijumaa mchana, Mzee Swaib yuko msikitini. Nilichukua bisibisi nikakwangua lami nyeusi iliyopakwa chini ya sakafu, usawa wa viti. Chini ya lami kulikuwa na puti, dawa ya kuzibia bodi. Ikamomonyoka kama biskuti, ikaniangukia machoni. Nilipojifuta na kutazama tena, niliona mshono.

Ulikata sakafu yote, kutoka mlango hadi mlango. Haukuwa mshono kamili. Ulikuwa vipande vipande, shona kidogo, ruka, shona kidogo. Katika moja ya zile nafasi zilizorukwa niliona zulia la ndani ya gari. Mbele ya mshono chuma kilikuwa na rangi ya fedha, nyuma yake chuma kilikuwa chekundu. Nilikuwa nimelala chini ya magari mawili.

Sikupiga kelele. Niliziba mdomo kwa mkono uliojaa chaki, nikaufuata mshono kwa kidole hadi ulipoishia, chini ya mlango wa dereva. Hapo kidole kikagusa vinundu vitatu vidogo, vimepangana.

Nilivijua vile vinundu. Kila anapomaliza kuchomea, Mzee Swaib hugusa chuma mara tatu kwa ncha ya moto, pembeni kidogo ya mwisho, kama mtu anayebisha hodi. Hakuna sababu ya kihandisi. Nilimuuliza siku moja, akacheka, akasema chuma nacho kinapenda kuagwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchomea, na mimi pia huaga chuma hivyohivyo.

Aliporudi kutoka msikitini alinikuta nimekaa kwenye ndoo.

"Mzee, njoo uone kitu."

"Nilisema sakafu uiache."

"Hujaona bado."

"Nimeshaona, binti," alisema, na hakuinama kutazama. Alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. "Mbele gari jingine, nyuma gari jingine. Mimi ndiye niliyeyafungisha ndoa."

Nilingoja acheke. Mzee Swaib ni mtu wa utani, mtu anayewapa mafundi wenzake majina ya wachezaji mpira. Hakucheka.

"Kulikuwa na bwana mmoja mwenye bustani kando ya mto," alisema. "Maharusi walikuwa wanakwenda pale kupiga picha. Akataka gari la kupendeza, la kukalia tu. Bibi harusi akae juu ya boneti, bwana harusi asimame mlangoni. Akapata gari lililogongwa nyuma na jingine lililoungua mbele, nikachukua nusu nzima ya kila moja. Akaniambia halitatembea hata hatua moja. Nikashona kama mtu anayeshona pazia."

"Sasa linatembea."

"Aliliuza. Aliyenunua akalifufua. Akaliuza naye. Mimi nililiona tena siku Afande alipoliingiza hapa getini."

"Na ukamwekea injini kubwa zaidi!"

Sauti yangu ilipanda hadi fundi wa jirani akachungulia. Mzee Swaib akanionyesha kwa mkono niketi. Nilikuwa sijajua kama nimesimama.

"Nitamwambia," alisema. "Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Niachie hilo. Jioni anakuja."

Nilimwamini. Niliona hata vizuri kwamba aseme yeye. Nilikwenda nyumbani nikiwa na huzuni lakini nikiwa na imani pia, nikijiambia kwamba mtu mwema aliyekosea ni mtu mwema bado, na kwamba kesho tungeanza kutafuta bodi nzima ya kuhamishia ile injini.

Asubuhi ya Jumamosi gereji ilikuwa wazi, na mahali pa gari palikuwa na alama zangu za chaki tu.

Mzee Swaib alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha ofisi. Chai yake ilikuwa imeota ngozi juu.

"Umemwambia?"

Alikisogeza kikombe pembeni.

"Mzee. Umemwambia?"

"Alifika amefurahi sana," alisema. "Alikuja na binti yake, Docus. Akawasha, injini ikanguruma, akanikumbatia. Akaniita fundi wa mafundi. Nikafungua mdomo, Nakisige binti yangu. Wallahi nilifungua mdomo. Nikasikia nimesema safari njema."

Nilipiga simu ya Afande, haikupatikana. Nikapiga tena, na tena. Mashindano yalikuwa yanaanza mchana. Nikachukua funguo za pikapu ya gereji kwenye msumari wake.

"Unakwenda wapi?"

"Mbale."

"Utamwambia nini?"

"Kila kitu."

Nilikuwa nimeshawasha pikapu mlango wa upande wa pili ulipofunguka. Mzee Swaib aliingia, amepakata jeki kubwa ya gereji mapajani.

Tulipita Iganga. Kwenye mashamba ya mpunga ya Mpologoma nilianza kutazama pembeni mwa barabara, ndani ya mitaro, nikitafuta rangi ya fedha. Niliona naye anatazama upande wake. Walikuwa wamepita hapa jana jioni, mama na binti, kwa injini mpya, barabara nyeupe mbele yao. Kila tulipovuka daraja nilishusha pumzi.

"Ungeniambia mapema," nilisema.

"Ungeondoka."

"Ningebaki turekebishe."

"Hilo ndilo lililonishinda zaidi, ubaki ukijua," alisema, akageukia dirishani.

Tulipofika chini ya Wanale, watu walikuwa wamejaa pande zote za lami, wamekaa kwenye kingo, juu ya boda boda, juu ya migomba iliyokatwa. Maporomoko ya maji yalishuka kwenye mwamba juu yao kama nyuzi. Magari yalikuwa yanapanda moja moja, mlio ukirudi kutoka mlimani. Gari letu lilikuwa la tatu kwenye mstari. Afande Margret alikuwa ndani, kofia ngumu kichwani, vidole vikicheza kwenye usukani.

"Ah, injinia wangu!" alipaza sauti kwa Kiswahili chake cha kambini. "Umekuja kuona mimi nakula vijana?"

"Afande, tafadhali shuka. Gari si salama."

"Nini si salama? Jana nimetoka nayo Jinja, imekwenda kama ndege."

"Limekatwa katikati. Ni magari mawili yaliyoungwa chini ya viti. Kwenye kona za huko juu, kwa injini hii, linaweza kufunguka."

Alinitazama, kisha akatazama vijana waliokuwa nyuma yake kwenye mstari, wawili wakiwa wameanza kucheka.

"Nani alituma wewe? Huyu wa gari ya bluu? Mwambie aogope polepole." Akapandisha injini. "Wewe mtoto mzuri, lakini hapana guza gari yangu. Toka mbele."

Sikutoka. Nilisimama mbele ya zile taa, huku msimamizi mwenye bendera akinikaripia na watu wakizomea. Gari moja likaondoka. Sasa lilikuwa la pili.

Ndipo Mzee Swaib akapita kando yangu akiikokota jeki. Alipiga goti kwenye lami, akaisukuma chini ya pembe ya mbele, upande wa dereva, akaanza kupampu. Pembe ikainuka kidogo, kisha kidogo tena. Kitu ndani ya gari kikalia, sauti nyembamba, kama kitanda cha zamani.

"Mzee Swaib! Na wewe?"

"Afande, nisamehe. Fungua mlango."

"Mimi nafungua, nakuja kukutandika."

Alivuta kitasa. Mlango haukufunguka. Akavuta tena, akasukuma kwa bega. Akapiga kwa ngumi. Kicheko cha wale vijana kikakatika. Kutoka nilipokuwa niliona uwazi wa juu ya mlango umefungika kabisa, rangi imegusana na rangi, na ule wa chini umepanuka kiasi cha kuingiza kidole.

"Hata nyumbani mlango hukataa," Afande alisema taratibu, kama anayejisemea. "Nikiegesha tairi moja juu ya jiwe, unakataa. Nilidhani ni uzee wake."

"Bodi inajikunja," nilisema. "Imeinuliwa kidogo tu, na gari limesimama."

Mzee Swaib alilegeza jeki. Gari likashuka, likalia tena, na mlango ukafunguka wenyewe.

"Ni mimi niliyeliunga," alisema. Alisema kwa sauti ya kusikika na watu wote, bado amepiga goti. "Zamani, liwe la kupigia picha. Nililijua tangu siku ulipolileta. Jana nilitaka kukwambia, nikaogopa. Huyu binti ndiye aliyeona, na yeye ndiye aliyekuja."

Afande Margret alishuka. Alivua kofia ngumu. Nilidhani atampiga, na nadhani Mzee Swaib naye alidhani hivyo, kwa sababu hakuinua mikono. Lakini Afande alikuwa hatazami yeye. Alikuwa anatazama kiti cha abiria.

"Docus alikaa hapo," alisema. "Barabara yote ya Tirinyi. Alikuwa ananiambia, mama, ongeza, ongeza. Nikaongeza."

Akakaa chini, palepale barabarani, mgongo kwenye tairi. Mkono wake ulikwenda chini ya gari ukapapasa. Ulipogusa mahali palipomomonyoka puti ulisimama. Hakuna aliyezomea tena. Msimamizi alikunja bendera yake, akawaashiria wenye magari mengine wazime.

Nilichuchumaa kando yake. Nilitaka kumwambia kwamba injini inaweza kuokolewa, kwamba breki ni mpya na zitafaa gari jingine, kwamba mwakani atapanda. Maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya vyuma. Nikamshika mkono tu. Ulikuwa wa baridi.

Baada ya muda alimgeukia Mzee Swaib, na sauti yake ilikuwa ya ofisa wa magereza, siyo ya mchezaji.

"Mangapi?"

"Afande?"

"Umeunga mangapi namna hii?"

Nilimtazama mwalimu wangu. Swali hilo halikuwa limenijia hata mara moja, si chini ya gari, si njiani kote kutoka Jinja. Nilingoja aseme hili tu. Nilimwomba Mungu aseme hili tu.

"Mawili," alisema Mzee Swaib.

Nilihisi kama sakafu imevutwa chini ya miguu yangu.

"Nusu mbovu zilibaki, nyuma ya la kwanza na mbele ya la pili," alisema, akinitazama mimi sasa. "Ile iliyogongwa nikainyoosha, ile iliyoungua nikaipaka rangi. Yule bwana wa bustani alitaka mawili, moja kila upande wa lango. Hilo la pili ni jekundu. Mwaka jana nililiona Buwenge, siku ya soko. Lilikuwa limepakia watu."

Afande Margret alisimama, akajipangusa vumbi. Aliingiza mkono dirishani akachomoa ufunguo wa gari lake, akautia mfukoni. Kisha akauinua mpini wa jeki akamkabidhi Mzee Swaib mkononi.

"Sasa nyinyi mnangoja nini hapa?" alisema. "Jua bado iko. Tafuta hiyo nyekundu."

Mzee Swaib aliibeba jeki hadi kwenye pikapu. Safari hii alikaa kwenye usukani yeye, na njiani kote hadi Iganga alinitajia, bila kuulizwa, kila alichokumbuka kuhusu lile gari jekundu: ufa kwenye kioo cha nyuma, kitasa kisicholingana na mwenzake, na chini ya mlango wa dereva, vinundu vitatu. Nilichungulia mbele kila lilipotokea gari jekundu, na kila mara alipunguza mwendo.