Maua Tusiyoyachuma

"Kinasemaje hicho kibao, mwanangu?"

Mama mkwe alikuwa anahema, mkono kiunoni, macho ameyakunja. Miwani yake ilibaki jikoni, kando ya maganda ya mayai tuliyochemsha kwa ajili ya safari. Mbele yetu kilima kizima kilikuwa cha njano. Maua yale hudumu wiki mbili tu baada ya mvua, na kila mwaka familia ilipanda kuyaona, na mihogo ya kuchemsha, karanga na chupa ya chai. Mwaka ule mume wangu alikuwa zamu kiwandani. Tulikwenda mimi, Mama, na wanangu wawili ambao hawakuwa wameanza shule.

Niliyatazama maandishi mekundu. Kwangu yalikuwa nyuzi za mshono uliofumuka. Kwa miaka saba ya ndoa nilikuwa nimewaficha watu wa nyumba ile kwamba sijui kusoma. Vipimo vya wateja wangu wa kushona niliviweka kichwani. Barua ikija, macho yalikuwa yananiuma. Mama alijisifu kwa majirani: "Mkwe wangu haandiki kitu na hasahau kitu!" Ningeanzaje kumwambia?

"Kinasema tusichume maua," nikajibu.

Alikuwa ameshainama, ua moja katikati ya vidole. Akaliachia, akacheka. "Makubwa haya! Siku hizi hata maua yana askari." Akawageukia watoto. "Mmesikia, wajukuu? Mikono nyuma!" Akaweka yake nyuma kwanza, akatangulia kwenye daraja la mbao huku akitembea kwa madaha kama mkaguzi wa shule. Watoto wakacheka. Nami nikacheka.

Ubao wa tatu ukavunjika. Daraja lilikuwa na kamba pande zote mbili, lakini Mama hakuwahi kuzishika. Mikono yake ilikuwa nyuma.

Wakulima wa ng'ambo walimtoa kwenye mawe, wakamshusha kwa njia ya upande wao. Nyonga ilivunjika, na haikuunga vizuri. Mume wangu alilaumu mvua. Mama alilaumu mihogo: "Niliila mingi mno, daraja likaona huu sasa uonevu." Mimi nilimkorogea uji, nikanyamaza.

Nasali alfajiri na jioni. Namweleza Mungu hata habari za sindano iliyopotea. Kuhusu kibao sikumwambia neno, kana kwamba Naye siku ile alisahau miwani.

Miaka sita baadaye nilijiandikisha darasa la jioni. Nyumbani niliaga kwamba naenda kwenye maombi, na sikuona kama ni uongo mtupu: kwenye dawati la watoto, magoti yakigonga mbao, kila herufi niliiomba kabla ya kuitamka. Ilinichukua misimu miwili ya maua. Wa tatu ulipofika, nilipanda kilima peke yangu.

Kibao kilikuwa kimeinama, rangi imepauka. Nilikisoma kwa kidole, polepole, kwa sauti. DARAJA BOVU. USIPITE.

Nilikisoma tena, nikitafuta neno maua. Halikuwepo. Nikapiga magoti pale pale, na safari hii nikamweleza Mungu yote. Kisha nikachuma, mpaka mkono ukajaa.

Mama alikuwa amekaa mlangoni, fimbo yake imelala juu ya kigoda kilichokuwa ubavuni mwake. Nilimwekea maua mapajani.

"Umechuma?" akashtuka. "Si walikataza?"

"Hawakukataza, Mama. Kibao kilisema daraja bovu."

Alivitazama vidole vyangu, vilivyokuwa na chavua ya njano.

"Nani kakusomea?"

"Nimesoma mwenyewe."

"Lini?"

"Leo asubuhi."

Aliupapasa mguu wake taratibu, kutoka nyonga mpaka goti. Hakuniangalia.

"Lete kikombe cha maji," alisema hatimaye. "Haya yanakufa."

Nilikawia jikoni; maji niliyajaza na kuyamwaga mara mbili. Niliporudi alikuwa bado ametazama njiani, maua ameyashika kwa mikono yote miwili. Fimbo alikuwa ameishusha sakafuni. Kigoda kilikuwa wazi.