Mshumaa wa Mwalimu Asidi

Wanafunzi wananiita Mwalimu Asidi na wanadhani sijui. Ninajua, wala sina kinyongo. Kemia haifundishwi kwa kubembelezana. Kilichonichoma ni binti yangu, ambaye yuko darasani kwangu, aliponiambia tukiosha vyombo kwamba Ijumaa, siku ya kuchagua masomo, ataacha kemia.

"Mwanangu mwenyewe? Uso wangu nitauweka wapi?"

"Mama, wewe unauliza swali, halafu unalijibu mwenyewe. Sisi kazi yetu kunakili tu."

Iliniuma, maana alisema kweli.

Kesho yake niliingia darasani na mshumaa. Nikauwasha, nikasema, "Niambieni mnachoona," kisha nikafunga mdomo. Jamani, kunyamaza ni kazi! Huko nyuma wakaanza kunong'ona kwamba leo Asidi anaumwa. Mmoja akasema moto una rangi mbili. Mwingine akauliza, nta inayeyuka na mshumaa unapungua, sasa nta inakwenda wapi? Jibu lilinifika kooni, nikalimeza.

"Labda inapanda na moshi," akasema binti yangu. "Kama imo kwenye moshi, basi moshi utawaka."

Akaja mbele, akauzima mshumaa kwa pumzi. Moshi mweupe ukapanda. Akawasha njiti ya kiberiti, akaisogeza kwenye moshi bila kuugusa utambi. Moto ukashuka kwa kuruka, mshumaa ukawaka tena. Darasa likapiga kelele hata mwalimu wa jiografia akachungulia dirishani.

"Mama!" akaita, amesahau kwamba pale mimi ni Mwalimu, na wenzake wakaangua kicheko. "Kumbe kinachoungua ni nta! Sasa utambi ni wa nini?"

Ningeweza kueleza mpaka kengele ilie.

"Wewe unaonaje?" nikamuuliza.

Ijumaa ilipofika sikumuuliza amechagua nini. Niliogopa. Jioni nikamkuta jikoni akihangaika kuwasha donge la nta lisilo na utambi, juu ya sahani yangu nzuri kuliko zote, ambayo sasa ilikuwa nyeusi tii. Nikafungua mdomo nimgombeze.

"Usiniambie!" akanikatiza, akidhani nataka kumpa jibu. "Nimeshachagua kemia, Mama. Niache nitafute mwenyewe."

Sahani ikanitoka akilini. Nikavuta kiti, nikamshikia kiberiti.