Kiko cha Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alifanya kazi ya useremala miaka arobaini, na katika miaka kumi na mmoja niliyoishi naye nyumba moja hakuwahi kunisifu kwa lolote. Nikipika, atauliza kama chumvi imepigwa marufuku. Nikifagia, atapitisha kidole dirishani na kukitazama kimya. Mtaa mzima walimwita Fundi. Mimi nilimwita baba, naye aliniita "wewe".

Mapafu yake yalipoharibika, daktari alituita pembeni mimi na mume wangu, akasema mzee aache tumbaku leo hii, na hata akiacha, ana miezi miwili, mitatu akijaliwa. Tulipofika nyumbani, mume wangu alichukua kiko cha baba yake akakitumbukiza chooni. Kisha akakaa kwenye ngazi ya nyuma, akalia. Mzee hakuambiwa habari ya miezi.

Mume wangu akishakwenda ghalani, alikokuwa karani, tulibaki wawili. Mzee alishinda kitandani ameegemea mito mitatu, maana akilala chali pumzi zilimkatika. Mikono ilimtetemeka hata kikombe nilimshikia mimi. Asubuhi moja, nikiwa nambadilishia shuka, akasema:

"Wewe. Chini ya kitanda kuna kipande cha mzeituni. Nitengenezee kiko."

"Baba, daktari amekataza."

"Amenipa muda gani?"

Nilikunja ile shuka, nikaikunjua, nikaikunja tena.

"Basi nimeshajua," akasema. "Lete sanduku la vifaa."

"Mimi sijawahi kushika patasi, baba."

"Kwani sijui? Ndiyo maana nitakuwa nakutazama."

Ningeweza kukataa. Nilikwenda kwenye banda la uani, nikachukua sanduku, nikafungua na jiliwa alilokuwa akibania mbao, nikalibeba mpaka chumbani kwake na kulifunga kwenye meza.

Alinielekeza kwa maneno machache, akipumzika katikati ya kila sentensi. Mti ukatwe vipande viwili vya ukubwa wa ngumi, kwa kuwa cha kwanza nitakiharibu tu. Matundu yatangulie, wakati kipande bado kina pembe nne na kinabanika. Kikishakuwa duara hakishikiki. Tundu pana la tumbaku lishuke kutoka juu lisitokeze chini. Tundu jembamba la moshi liingie kutoka ubavuni, likutane na lile pana palepale kwenye kitako.

Cha kwanza nilikiharibu kweli. Keekee ya kutobolea iliteleza, ikatokea upande wa pili na kunichana kidole gumba.

"Unatoboa kama unachimba kisima," akasema. "Mikono ya kusugulia masufuria hiyo."

Niliweka keekee chini, nikaenda jikoni na kusimama pale mpaka maji ya chai yakakaukia motoni. Niliporudi, alikuwa ameshika kile kipande kilichopasuka, anajaribu kukirudishia kibanzi chake. Vidole havikumtii. Hakugeuka kunitazama.

"Kipo cha pili," akasema.

Cha pili nilikitoboa polepole, yeye akihesabu mizunguko ya keekee kwa sauti ya chini. Matundu yalipokutana aliniambia nipulize. Pumzi ilitokea juu, unga wa mti ukaniingia machoni, na yeye akacheka kidogo mpaka kikohozi kikamkatiza. Siku tatu zilizofuata nilichonga umbo kwa patasi, nikalainisha kwa tupa, kisha msasa. Kila jioni, kabla mume wangu hajarudi, nilirudisha jiliwa bandani na kuficha kiko ndani ya tenga la nguo chafu. Nilipotaka kukipaka vanishi, mzee alikataa. Alisema nitamvutisha rangi. Ndani tulipaka asali na vumbi la mkaa ili moto usiule mti. Mdomo wa kiko ulikuwa mwanzi mwembamba.

Siku ya mwisho ya msasa niliwaza jinsi nyumba ile itakavyokuwa tulivu akishaondoka. Wazo lilikuja lenyewe, likakaa. Sikuacha kupiga msasa.

Nilipompa, alikizungusha viganjani, akakinusa, akapitisha kidole kwenye kiungo cha mwanzi kama alivyozoea kukipitisha dirishani.

"Kimekaa," akasema.

Tumbaku alikuwa ameificha ndani ya sanduku la vifaa. Nilimwashia mimi. Alivuta mara tatu, akakohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Nilimshika mabega, mifupa mitupu. Alipotulia alifumba macho, na uso ukamlainika kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Kesho yake akataka tena. Nikamwashia tena.

Siku ya sita mume wangu alirudi mchana, na harufu ikampokea mlangoni. Alimkuta baba yake na kiko kifuani.

"Nani amekutengenezea hiki, baba?"

"Nimechonga mwenyewe."

Mume wangu aliitazama ile mikono inayotetemeka juu ya blanketi. Halafu akanigeukia, akaitazama yangu: kitambaa kwenye kidole gumba, sugu za patasi viganjani. Alichukua kiko akatoka nacho.

Mzee alifariki siku ya kumi baada ya hapo, saa ya chakula cha mchana, kijiko cha uji kikiwa mkononi mwangu. Watu walipokuja mazikoni, wifi yangu alisema mbele ya wanawake waliojaa jikoni, "Huyu ndiye aliyemmaliza baba." Mume wangu alikuwa anapita mlangoni na viti viwili. Alisikia. Akapeleka viti.

Wiki tatu baadaye, akiwa anafunga kamba za viatu kwenda kazini, aliniuliza bila kuinua kichwa:

"Ulimhurumia, au ulikuwa umemchoka?"

"Vyote viwili," nikajibu.

Alikaza fundo, akaenda. Jioni alirudi, akala, akanishukuru kwa chakula kwa adabu zote, kama mtu aliyefikia kwa wenyeji asiowajua. Tangu siku hiyo analala chumba cha baba yake. Watu wakiuliza, anasema godoro la kule linamfaa mgongo.